Sepetu la Mlinzi

Siku waliponichagua kuwa mlinzi wa msitu, wanaume walicheka mpaka chai ikawapalia. Koo za kijiji chetu cha Ait Uzru hupokezana kutoa mlinzi, kila mwaka ukoo mmoja, na mwaka ule zamu ilikuwa yetu; katika ukoo wetu wanaume waliobaki kijijini ni wawili: mmoja haoni, mwingine hasikii. Waliosalia wako Kasablanka wanabeba saruji. Ami Haddu, mkubwa wa ukoo wa juu, akasema kwa utani, "Mpeni Tuda. Mdomo wake tu unatosha kuwatimua wezi." Nikamjibu kwamba nimekubali, na daftari la mlinzi liletwe kabla chai haijapoa. Kicheko kikaishia hapo.

Nilikuwa na sababu yangu. Nilitaka mwanangu arudi nyumbani.

Miaka tisa kabla ya hapo, Bassu alikata mti mmoja wa mreteni ndani ya msitu uliofungwa. Boriti ya chumba chetu ilikuwa imepasuka, na baraza lilikuwa halijakaa kutoa ruhusa. Alikosea, sikatai. Wakamnyang'anya shoka, wakalitundika kwenye msumari wa nyumba ya baraza kama desturi ilivyo, na hatukurudishiwa mpaka tulipowalisha wazee kuskusi na kondoo mzima. Mwezi uleule Mimun, mpwa wa Ami Haddu, alikata mireteni miwili. Mlinzi mwaka ule alikuwa Ami Haddu mwenyewe. Msumari ukabaki mtupu.

Bassu alifunga nguo zake kwenye gunia la shayiri, akasimama mlangoni. "Mama," akasema, "siku mlinzi wa msitu huu atakapojitoza faini yeye mwenyewe, nipigie simu. Nitarudi kukaa." Tangu hapo huja Idi kubwa, siku tatu, kama mgeni. Hata alipomwoa Izza aliniachia mimi nikae naye.

Mwaka mmoja kabla sijachaguliwa ikaja habari ya mkataba. Ofisi ya misitu kule bondeni, ambayo tangu enzi za babu zetu ilituona sisi ni mchwa tu, ilikubali kwa mara ya kwanza kutusikiliza. Tuandike sheria zetu wenyewe, zilezile tulizorithi, tuzishike majira mawili ya baridi bila kuzivunja, kisha tutapewa haki ya kuvuna boriti arobaini za mireteni kila mwaka, iliyokomaa tu, na kuzipasua hapahapa kijijini kwa mashine yetu. Wenye hoteli za Marrakeshi wanazitafuta boriti hizo kwa udi na uvumba. Tukishindwa, kibali anapewa mkandarasi, na mkandarasi tunamjua anavyovuna. Huacha visiki na matairi mabovu.

Karakana ingehitaji mafundi kumi. Nilipompigia Bassu kumweleza, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Na msimamizi atakuwa Mimun?"

Haya ninayosimulia yalitokea majira ya baridi ya pili, yaliyokuwa ya mwisho kwenye mkataba.

Msitu wetu ni agdal, yaani umefungwa, haukatwi hata tawi. Hufunguliwa wakati wa theluji tu, kila nyumba mtu mmoja, mundu mmoja, mzigo mmoja wa majani ya mwaloni kwa siku, ili mbuzi wasife. Shoka haliingii. Na hufunguliwa theluji inapolifunika Jiwe, si kabla. Jiwe lenyewe limesimama chini ya ukuta wa msikiti, linanifika gotini. Likifunikwa, mbuzi hawezi tena kuchimbua malisho chini ya theluji. Lisipofunikwa, basi mbuzi wako ni mvivu, au mvivu ni wewe. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza kwenye karatasi ya mkataba, imepigwa muhuri. Nyumba yangu imepakana na msikiti, na ukingo wa paa langu uko juu ya Jiwe.

Kiangazi kilikuwa kikavu, nyasi tuliyoweka ghalani ilikuwa haba, na kufikia katikati ya Januari nusu ya kijiji ilikuwa inafagia sakafu za maghala. Theluji ilikuja kidogo kidogo. Kila asubuhi watu walipita kulitazama Jiwe, na kila asubuhi kichwa chake kilikuwa nje, cheusi, kinatukebehi.

"Mama, yule mbuzi mweupe ameanza kula kamba yake," Izza aliniambia.

"Na akiimaliza?"

"Anaitamani shela yangu. Mimi nitavaa gunia, lakini yeye hatafika mwezi wa pili."

Jumatano adhuhuri ikaanguka theluji ya upepo, ile inayokuja ubavu ubavu. Paa la udongo haliachiwi theluji, huwaangukia mkiwa mnakunywa chai. Kabla ya alasiri nikapanda na sepetu langu la mbao. Sikuona hata mkono wangu. Nilisukuma tu, upande ule ulikokwenda upepo, maana ukisukuma kinyume unarudishiwa usoni. Niliposhuka mgongo ulikuwa hauinuki, nikajinyoosha kando ya moto na sikufikiria kitu kingine.

Alhamisi asubuhi kukawa na jua kali na mbingu imetakata. Ichu, mpiga mbiu wetu, akapanda juu ya msikiti akatangaza kwamba Jiwe limefunikwa na msitu umefunguliwa. Nilisikia milango ikigonga kijiji kizima. Izza alikuwa amekwisha kujifunga kilemba na kuchukua mundu kabla Ichu hajamaliza.

"Leo anakula mwaloni, yule mfalme mweupe," akasema, akatoka mbio.

Mlinzi huandika baada ya kuona, kwa hiyo nikachukua daftari nikaenda kulitazama Jiwe kwanza. Kweli lilikuwa limefunikwa, kilima kizuri, kimejaa. Lakini theluji ile ilikuwa na vijiti vya nyasi ndani yake, na chembechembe za udongo wa buluu.

Hapa kila mtu hukandika paa lake kwa udongo mwekundu. Wa buluu hauvuji, ila uko mbali, kwenye kona ya mto, na watu wanaona uvivu kwenda kuuchota. Kijiji kizima, paa la buluu ni moja. Nilikwenda mimi na punda, safari kumi na moja, msimu wa vuli.

Nikapiga magoti nikachimba kwa mkono. Chini theluji ilikuwa safi, nyeupe, imeshikana. Ilikomea vidole vinne chini ya kichwa cha Jiwe. Kilichobaki juu yake chote kilikuwa changu.

Mlinzi wa msitu nimeufungua msitu kwa sepetu langu mwenyewe, na watu walikuwa wanapanda mlima na mundu begani. Nikatazama huku na huku, hakuna aliyeniona. Jua lile lingeyeyusha kila kitu kabla ya adhuhuri, na maji yangechukua udongo, nyasi na ushahidi wote. Nusu saa ya kunyamaza ingetosha, na mbuzi wangu wangekula kama wa wengine. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Niliogopa kile kicheko cha siku ya kwanza, kwamba kingerudi na safari hii hakingeisha. Halafu yakanijia maneno ya Bassu mlangoni, nikamkasirikia kwelikweli. Mtoto gani huyu, anamtegea mama yake mtego wa miaka tisa.

Nikajifunga kibwebwe nikapanda mbio.

Mlango wa msitu ni mawe mawili na kamba ya manyoya ya mbuzi iliyofungwa katikati. Niliwakuta wamejaa hapo, watu kama hamsini, Ichu anaifungua ile kamba. Nikapita katikati yao nikaishika.

"Rudini," nikasema, nahema. "Msitu haujafunguliwa."

"Tuda, nimeliona Jiwe kwa macho yangu haya," Ichu akasema.

"Umeona theluji ya paa langu, Ichu. Jana nilisukuma bila kuona, ikaangukia Jiwe. Udongo wa buluu umo ndani. Theluji ya Mungu imeishia vidole vinne chini."

Wakatazamana. Mwanamke mmoja akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Ami Haddu akasogea mbele, polepole, anavyotembea mtu aliyezoea kupishwa. Mimun alikuwa nyuma yake.

"Kwa hiyo umeufungua wewe," akasema.

"Nimeufungua mimi. Sikujua, lakini ni mimi."

"Vidole vinne," sauti ikatoka nyuma. "Mbuzi wangu wafe kwa sababu ya vidole vinne?"

"Mwaka niliokuwa na mimba ya Bassu walifungua kwa vidole viwili," nikasema. "Wewe ulikuwepo, usijifanye mtoto. Kufikia Februari majani ya chini yalikuwa yamekwisha, mkapanda kukata vilele. Nenda upande wa kusini uitazame ile mialoni. Mpaka leo haijapata kichwa."

Izza alikuwa amesimama na mundu wake, ananitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo na mkamwana.

Ami Haddu akapunguza sauti. "Tuda, nakuuliza kweli, si kwa ubaya. Nani angejua?"

"Wewe ungejua, Ami Haddu. Mambo ya namna hii yanavyokwenda, hakuna anayeyajua kama wewe."

Mimun akainamisha macho kwenye viatu vyake. Ami Haddu alisimama kitambo, ndevu zimeshika barafu, na nilidhani atanipiga. Badala yake akageuka akaanza kushuka, na watu wakamfuata, wengine wakinitukana kwa sauti ya kusikika. Kule chini alipiga magoti mbele ya Jiwe, mzee wa miaka sabini, akachimba kwa vidole mpaka akafika penye theluji safi. Akautoa udongo wa buluu akausugua kiganjani.

"Ni wake," akasema.

Baraza likakaa papo hapo. Ami Haddu akawa wa kwanza kusema: ni bahati mbaya, upepo haukutumwa na mtu, tumsamehe yaishe. Wengi wakaitikia, maana kila mtu alitaka kurudi kwenye moto. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi moja niliipenda sana ile huruma. Kisha nikaona ilikokuwa inakwenda. Wangenisamehe mimi, na chini ya msamaha wangu mengine yote nayo yangefunikwa, ya Mimun yakiwemo.

"Bassu hakusamehewa," nikasema.

"Bassu alikata mti," akajibu mzee mmoja.

"Na mimi nimefungua msitu mzima. Sitaki kusamehewa."

Nikaenda nyumbani, nikachukua sepetu langu, nikaingia nyumba ya baraza na kulitundika kwenye msumari uleule lilikotundikwa shoka la mwanangu. Nikaandika daftarini: Alhamisi, kosa la kufungua msitu, mkosaji Tuda, mlinzi. Wakanipa muda mpaka theluji iishe, maana hakuna mbuzi wa kuchinjwa Januari anayeweza kulisha baraza. Ni ngozi na mifupa tu.

Jioni ile Izza aliweka mkate wa shayiri mbele yangu bila kunitazama. "Umetupiga sisi wenyewe, mama," akasema. Yule mbuzi mweupe alikufa Jumapili. Tulimtoa nje pamoja, mimi miguu ya mbele na yeye ya nyuma, na Izza akalia njia nzima.

Jumatatu ikaanza theluji nyingine. Hii ilikuja wima, nzito, usiku na mchana. Jumanne asubuhi nikasikia boriti zinalia juu ya vichwa vyetu. Sepetu langu liko msumarini, na kitu kilichotundikwa hakiazimwi wala hakiguswi mpaka faini iliwe. Jirani kukuazima lake nako ni kuikwepa faini. Nikapanda na Izza tukaanza kuiondoa kwa sinia la kuskusi na ungo wa ngano. Tulikuwa tunafanya kazi ya kuku, kuchakura tu. Vidole vilikufa ganzi, tukaendelea. Izza hakuwa amesema nami tangu Jumapili, ila hakuacha ungo.

Nikasikia mtu anapanda ngazi, anakohoa. Ami Haddu akatokea na sepetu lake begani.

"Sikuazimi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Sepetu liko mkononi mwa mwenyewe. Sheria inasemaje kuhusu hilo, mlinzi?"

"Haisemi kitu."

"Basi nipishe."

Akafanya kazi mpaka adhuhuri, jasho linamtoka kwenye theluji, na kila alipojaza sepetu alikwenda kumwaga upande wa uani, mbali kabisa na msikiti. "Huku, huku," alikuwa akimwambia Izza. "Tusije tukafungua msitu mara ya pili." Izza akacheka. Mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jumatano Jiwe likafunikwa. Nilichimba kwa mkono mbele ya watu wote, na theluji ilikuwa nyeupe kutoka juu mpaka chini. Ichu akatangaza, nami nikaifungua kamba mwenyewe. Mbuzi waliobaki walikula mwaloni wiki tano, na majani yakatosha mpaka nyasi ilipochipua.

Sikumpigia simu Bassu. Faini ambayo haijaliwa bado si faini, na sikutaka arudi kwa kumhurumia mama yake.

Theluji ilipoisha afisa wa misitu akapanda kutoka bondeni, bwana mmoja mnene wa maneno machache, akatumia siku tatu kuhesabu mialoni iliyopunguzwa na mireteni iliyokomaa. Siku ya nne ilikuwa siku ya faini yangu. Nilichinja beberu na kondoo wa kike niliyemwekea Idi, Izza akapika kuskusi ya masinia sita, na afisa akakaribishwa kula na baraza. Alipokuwa anafuta mikono akaliona sepetu ukutani.

"Hilo ni la nini?"

Nilijua jibu linaweza kuuzamisha mkataba wote pale pale. Ami Haddu akaweka glasi yake chini.

"Ni la mlinzi," akasema. "Alifungua msitu kwa bahati mbaya Januari, vidole vinne kabla ya wakati. Akatufungia mlango sote, akajitoza faini. Unayoila ndiyo hiyo."

Afisa alilitazama sepetu muda mrefu. Akaomba daftari langu, akaisoma ile Alhamisi mara mbili. "Nimetafuta tawi lililokatwa mapema," akasema, "sikuliona." Kisha akatoa karatasi zake kwenye mkoba, akazitandaza katikati ya masinia, na akauliza ni nani anatia sahihi kwa niaba ya kijiji. Wakanisukumia mimi kalamu.

Nilipoinua kichwa, Ami Haddu hakuwepo. Nikadhani ameondoka kwa hasira. Akarudi baada ya muda, Mimun nyuma yake, na mkononi ameshika shoka la zamani lililoota kutu. Akaliondoa sepetu langu msumarini akanipa, akatundika lile shoka mahali pake.

"La Mimun," akasema mbele ya wote, mbele ya afisa pia. "Mireteni miwili. Nilikuwa mlinzi mimi. Alhamisi ijayo mtakula kwangu, na mtakula mara mbili, moja yake na moja yangu." Akanigeukia. "Mlinzi, andika."

Nikaandika. Maandishi yale ni mabaya mpaka leo.

Kijijini kwetu simu hushika juu ya mapaa tu. Nilipanda na sepetu bado liko mkononi, nikapiga. Nyuma ya sauti ya Bassu mashine ya zege ilikuwa inazunguka.

"Mama? Kuna nini?"

"Nilitozwa faini. Leo imeliwa."

"Faini? Nani kakutoza?"

"Mimi."

Nikamwambia pia, polepole, kwamba shoka la Mimun liko ukutani, na kwamba aliyelitundika ni Ami Haddu kwa mkono wake. Mashine ya zege ikazunguka, ikazunguka, kisha nikasikia mtu kaizima. Mimi, ambaye mdomo wangu unatosha kuwatimua wezi, sikuongeza neno.

"Boriti za kwanza zinakatwa lini?" akauliza.

"Tukishavuna shayiri."

"Sawa. Msumeno mniwekee. Mimun asiuguse kabla sijafika."